Programu ya Scrivener: nimeandikia riwaya tatu za upelelezi, haya ndo niliyoyaona

Kitabu changu cha pili kilikuwa kimeshatoka, kiko mikononi mwa watu, ndo ikaingia imeili ya msomaji mmoja. Hakutukana wala nini. Aliandika tu, "Habari mwandishi, kitabu nimekipenda sana, ila naomba kuuliza, huyu mjane alijuaje kwamba ufunguo uko chini ya chungu cha maua sura ya 9, wakati mtunza bustani anakuja kumwambia sura ya 14?" Nikaenda kufungua kitabu nikiwa nimesimama. Kweli kabisa. Sura ya 9 mjane anakwenda moja kwa moja kwenye chungu, anainua, anachukua ufunguo. Sura ya 14 anaambiwa habari za huo ufunguo na anashtuka, tena nimeandika anashtuka mpaka anadondosha kikombe. Ule muswada nimeusoma sijui mara ngapi, mhariri kausoma, msahihishaji wa prufu (zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa) kausoma, hakuna aliyeona, na kwenye riwaya ya mapenzi labda lingepita lakini kwenye upelelezi msomaji anakusoma kama askari anavyosoma maelezo ya shahidi, na kwa maelezo yale mjane wangu ndo muuaji, wakati siye.

Chanzo nilikijua palepale. Ile sura ya 14 kwenye muswada wa kwanza ilikuwa sura ya 8. Mhariri alisema pale katikati pamelegea, msomaji anapewa jibu mapema mno, niyapeleke mbele mazungumzo ya mtunza bustani, na alikuwa sahihi, nikafanya. Nikakata nikabandika, kwenye faili moja la Word lenye kurasa mia tatu na kitu, nikapitia juu na chini ya pale nilipobandika nikaona pako sawa. Shida ya riwaya ya upelelezi ni kwamba ukisogeza tukio moja husogezi maneno tu, unasogeza na kile ambacho kila mtu anakijua kuanzia pale, na faili la Word haliwezi kukuambia hilo, linakuambia tu una kurasa ngapi.

Ndo nikaanza kutafuta. Nikaijaribu Scrivener, nikabaki nayo, sasa ni mwaka wa sita na riwaya tatu zimepita humo ndani mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo hii rivyu ni ya mtu wa upelelezi anayewaandikia wenzake, mwandishi wa mashairi au wa tasnifu anaweza kuwa na maoni mengine kabisa na nayaheshimu.

Kwa wasioijua: ni programu ya kuandikia vitu virefu, inatengenezwa na kampuni ndogo inaitwa Literature & Latte. Aliyeianzisha ni Keith Blount, ambaye alikuwa anataka kuandika riwaya yake mwenyewe akakosa programu inayomfaa, akajifunza kutengeneza programu, akaitengeneza. Ilitoka kwanza kwa kompyuta za Mac mwaka 2007, ya Windows ikafuata baadaye, na toleo la 3 lilikuja Mac mwaka 2017 na Windows 2021. Ipo pia ya iPhone na iPad. Hiyo habari ya kwamba aliyeibuni alikuwa na riwaya kichwani naitaja kwa sababu inaonekana ukiitumia, vitu vimewekwa pale ambapo mkono wa mwandishi unakwenda.

Wazo lake kuu ni hili, huandiki faili moja refu, unaandika vipande. Kila tukio ni kipande chake, na vyote vimepangwa upande wa kushoto wa skrini kama orodha ya folda. Unataka tukio la mtunza bustani liende mbele, unalishika na kulivuta unaliachia unapotaka, basi. Ukitaka kusoma sura nzima au kitabu kizima kwa mfululizo unavichagua vyote na vinajipanga kama karatasi moja. Ukibadili skrini vipande vinageuka kadi zilizobandikwa ubaoni, kila kadi na muhtasari wake wa mistari miwili mitatu, na kadi nazo unazisogeza tu.

Hadi hapo unaweza kusema hata kadi za karatasi ukutani zinafanya hivyo, na ni kweli. Kilichonishika mimi ni safu.

Kuna mwonekano mwingine ambao matukio yako yanajipanga kama jedwali, na jedwali hilo unaruhusiwa kuliongezea safu zako mwenyewe. Mimi nina safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya "nani yupo", na safu ninayoipenda kuliko zote nimeiita "nani amejua nini". Kila nikimaliza tukio kabla sijafunga najaza hiyo safu. Mjane: ufunguo upo. Daktari: barua imechanwa. Mlinzi: hajui kitu, anadhani anajua. Inachukua dakika moja. Halafu siku mhariri akisema sogeza hiki kiende kule, nakisogeza, nafungua jedwali, nashuka na ile safu kutoka juu kwenda chini kama mtu anayekagua daftari la mahudhurio, na pale ambapo mtu anatumia habari kabla hajapewa panaonekana bila kusoma kitabu kizima. Kosa la mjane ningeliona kwa dakika kumi. Naandika hili kwa uhakika kwa sababu nilirudi nikakiingiza kile kitabu cha pili humo ndani baada ya kuumia, nikajaza safu zote, nikakuta kosa la ufunguo na nikakuta lingine la pili ambalo mpaka leo hakuna msomaji aliyeniandikia, na nimeshalirekebisha kwa ajili ya uchapishaji mwingine.

Na vitu hivi vimewashinda wakubwa. Arthur Conan Doyle alimpa Dk. Watson jeraha la risasi begani kwenye hadithi ya kwanza mwaka 1887, kufika 1890 jeraha liko mguuni. Mwaka 1891 mke wa Watson anamwita mumewe James wakati jina lake ni John. Raymond Chandler, wakati riwaya yake ya kwanza inatengenezwa filamu, aliulizwa dereva mmoja anayekufa humo ndani aliuawa na nani, akajibu kwamba hata yeye hajui. Wale walisamehewa kwa sababu ni wale. Mwandishi wa kawaida mwenye vitabu vitano hasamehewi hivyo, anaandikiwa nyota mbili na mtu anataja namba ya ukurasa.

Kwa hiyo nina projekti nyingine pembeni isiyo ya kitabu chochote, ni ya mpelelezi wangu tu. Umri wake kwenye kila kitabu, kovu liko mkono gani, dada yake anaitwaje, aliacha lini kuvuta sigara, anaendesha gari au haendeshi, nani anamwita kwa jina la kwanza na nani hathubutu. Ukiandika mfululizo, kitabu cha kwanza unakumbuka kila kitu, cha tatu unaanza kubahatisha. Ingekuwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, akose kiko chake kitabu kimoja bila maelezo tungejua wote, na wasomaji wetu nao wana kumbukumbu kama hizo kwa wahusika wetu.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyeandika upelelezi halioni, kwamba sisi tunaandika hadithi mbili. Ya kwanza ni ile iliyotokea kweli: nani alimchukia nani, sumu ilipatikana lini, mlango ulifungwa saa ngapi, nani alipita akaona taa inawaka. Ya pili ndo anayoisoma msomaji, nayo inaanza pale ya kwanza inapoishia, maiti imeshapatikana, halafu inarudi nyuma kidogo kidogo mpaka inakutana na mwanzo wa ya kwanza. Ile ya kwanza isipokuwa imara ya pili inavuja kila mahali. Scrivener inakupa folda ya muswada, na chochote kilicho nje ya folda hiyo hakitokei kitabu kikichapwa, hata kikiwa kirefu vipi. Hapo nje ndo naweka ile hadithi ya kwanza. Huwa naandika tukio lenyewe la mauaji, kamili, kwa macho ya muuaji, kurasa nane au kumi ambazo hazitaonwa na mtu yeyote zaidi yangu, na baadaye kila shahidi anapotoa maelezo kwenye muswada nagawanya skrini mara mbili, juu maelezo ya shahidi na chini kile kilichotokea kweli, naandika uongo wa shahidi huku ukweli nauangalia. Hili peke yake, kama programu isingekuwa na lingine, ningebaki nayo. Uongo wa mhusika unakuwa mzuri ukijua anaficha kitu gani hasa, na anauficha kutoka wapi mpaka wapi.

Humo nje unaweza kuweka pia picha, PDF, ramani ya nyumba uliyoichora mwenyewe, maelezo uliyopewa na nesi kuhusu dawa fulani inachukua muda gani mwilini. Yote yapo kwenye faili hilohilo moja, huendi kuwinda kwenye simu.

Dalili nazo nazifuatilia kwa maneno-funguo. Kila dalili ina neno lake, "ufunguo", "kikombe", "risiti", na kila tukio ambalo ile dalili imetajwa nalibandika hilo neno. Halafu nafanya utafutaji mmoja, nauhifadhi, na kila nikiubonyeza unaniletea matukio yote yenye ufunguo kwa mpangilio wake. Naangalia mambo matatu: imepandwa wapi, msomaji amekumbushwa wapi, imefafanuliwa wapi. Ikiwa imepandwa sura ya 3 na ikafafanuliwa sura ya 30 bila kutajwa katikati, msomaji kaisahau na atahisi ameonewa. Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika upelelezi, kwenye amri zake 10 za hadithi za upelelezi mwaka 1929 aliweka sharti kwamba dalili anayoigundua mpelelezi lazima na msomaji aonyeshwe, na amri nyingine kati ya zile zimechakaa lakini hii msomaji wa leo bado anaidai. Kuna waandishi wanaoweza kulishika hili kichwani. Mimi nina kazi nyingine ya mchana, nina watu nyumbani, siwezi.

Hapo niseme kidogo habari ya siku zenyewe, maana programu hii unaipima kwa siku zako zilivyo. Naamka kabla ya wengine, nina dakika arobaini na tano, zikipita zimepita. Zamani kwenye faili refu dakika kumi na tano za mwanzo zilikuwa za kutafuta niliishia wapi na yule mtu alikuwa amevaa nini. Sasa nafungua, inanirudisha palepale kwenye kipande nilichokuwa naandika jana, na pembeni kuna sehemu ya noti za kipande hicho ambapo jana yake nimejiachia mstari mmoja wa tukio linalofuata. Nimeiwekea lengo la maneno, naiambia kitabu ni maneno 80,000, tarehe ya kukabidhi ni hii, siku zangu za kuandika ni hizi, yenyewe inanipigia hesabu leo natakiwa maneno mangapi. Ukikosa siku mbili lengo la kila siku linapanda, na hilo kwangu lilikuwa msaada mkubwa kwa sababu mkataba wangu ni kitabu kimoja kwa mwaka, na kitabu kimoja kwa mwaka kinasikika chepesi mpaka utambue kwamba ndani ya mwaka huohuo kitabu kilichopita kinarudi mara tatu nne, kutoka kwa mhariri, kutoka kwa msahihishaji, prufu, maneno ya nyuma ya jalada. Kuna siku asubuhi naandika cha nne, mchana prufu za cha tatu zinaingia zinatakiwa wiki ijayo, na jioni msomaji ananiuliza kuhusu cha pili na anashangaa nasita kujibu, wakati nasita kwa sababu nina wauaji watatu kichwani kwa wakati mmoja na naogopa kumtajia asiye wake.

Kitu kingine ni snapshoti. Kabla hujabadili kipande unabonyeza, inahifadhi jinsi kilivyo sasa, unaweza kuharibu unavyotaka na kurudi. Watu wanaona ni kitu kidogo. Agatha Christie riwaya yake ya kwanza ilikataliwa na wachapishaji kadhaa, na huyo aliyeikubali, John Lane, alimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu kwenye muswada mpelelezi wake Poirot alikuwa anafichua siri yote akitoa ushahidi mahakamani. Akauandika upya, ufichuzi ukahamia sebuleni, kitabu kikatoka 1920, na mkataba aliosaini ulikuwa unambana kwa vitabu vingine vitano. Mimi siyo Christie lakini simu ya namna hiyo nimeipokea. Mhariri wangu, mama mtu mzima asiyezungukazunguka, alinipigia akaniambia, "Mwandishi, muuaji ni sahihi, mahali unapomfichua siyo." Sura tatu za mwisho. Nilizipiga snapshoti zote, nikaandika upya ufichuzi uwe njiani kituo cha polisi badala ya mazishini, nikampelekea, akasema hapana, wa kwanza ulikuwa na uzito zaidi, ila mazungumzo ya huu wa pili ni mazuri. Nikafungua vyote viwili kwa pamoja, nikachukua mazishi ya kwanza na maneno ya pili. Ndo mwisho uliochapwa. Kwa mfumo wangu wa zamani wa mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa" sijui ningefika lini.

Mtu atasema Christie huyohuyo aliandika kwenye daftari. Ni kweli, yamebaki madaftari 73, na walioyachambua wanasema ni vurugu, dalili za riwaya moja zimekaa katikati ya riwaya nyingine na orodha za manunuzi. Akatoa riwaya 66 za upelelezi. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba bila hii huwezi. Nasema wewe usiye na kichwa chake na mwenye dakika arobaini na tano, itakubebea sehemu ambayo yeye aliibeba mwenyewe.

Haya, sasa ubaya wake, maana upo na mwingine ni mkubwa.

Ya kwanza, Scrivener inaishia mlangoni kwa mhariri. Ulimwengu wa uchapishaji unafanya kazi kwa Word, mhariri anataka faili la Word aweke mabadiliko yake yenye rangi na maoni pembeni, unamjibu humohumo, linaenda linarudi, na tangu siku hiyo muswada halisi ni ule wa Word na ule wako uliobaki ndani ya Scrivener umezeeka. Unaweza kurudisha mabadiliko kwa mkono, mimi kwa kitabu cha kwanza kati ya hivi vitatu nilifanya hivyo na nilipoteza wiki mbili. Sasa sirudishi. Namaliza raundi za muundo, zile za sogeza hiki futa kile, ndani ya Scrivener kwa kumwomba mhariri anipe maoni yake kama barua, na raundi ya sentensi kwa sentensi ikianza nahamia Word moja kwa moja na Scrivener inabaki ya kuangalia jedwali langu tu. Ukikubaliana hivyo na mhariri mapema hamtaumizana. Na wala siyo programu ya watu wawili kuandika pamoja kwa wakati mmoja, kama mnaandika wawili tafuteni kitu kingine.

Ya pili ni kutoa kitabu nje, kitufe chake kinaitwa Compile. Hapo ndo watu wengi wanakata tamaa. Inaweza kutoa faili la Word, PDF, ePub (faili la kitabu cha kielektroniki), na ina uwezo mkubwa kweli, unaweza kuamua kila sura ianzeje, namba zikae wapi, lakini mipangilio imerundikana na siku ya kwanza unaweza kukaa mchana kutwa unajaribu kuondoa majina ya matukio yasitokee kwenye maandishi. Ushauri wangu kwa anayepeleka kwa mchapishaji au wakala (yule anayekutafutia mchapishaji), usihangaike na urembo, chagua fomati ya muswada iliyokuja na programu, toa Word, malizia vitu vidogo hukohuko kwenye Word. Anayejichapishia mwenyewe ndo ana sababu ya kujifunza Compile vizuri, na akishaweka mipangilio mara moja anaitumia kwa vitabu vyote vinavyofuata. Nimejichapishia kitabu kimoja kati ya vitano na ePub niliyoitoa humo ilipokelewa bila shida.

Ya tatu, hakuna ya Android. Wengi mnaandikia simu za Android najua, na hapo sina cha kuwadanganya. Mimi huwa naandika noti kwenye simu kwa apu ya kawaida ya noti halafu naingiza nikifika kwenye kompyuta.

Ya nne nisikilizeni vizuri. Projekti ya Scrivener kwenye Mac inaonekana kama faili moja lakini kwa kweli ni folda yenye mafaili mengi madogo. Ukiihifadhi kwenye huduma ya mawinguni ukawa unaifungua kwenye kompyuta mbili, lazima usubiri ya kwanza imalize kupandisha kila kitu ndipo ufungue ya pili. Mimi sikusubiri. Nilifunga laptopu ya kazini haraka, nikafungua ya nyumbani, nikaandika saa nzima, na asubuhi nikakuta matukio mawili ya kuhojiwa kwa daktari yamerudi jinsi yalivyokuwa juzi. Lilikuwa kosa langu. Kilichoniokoa ni kwamba programu yenyewe inatengeneza bakapu, yaani nakala ya akiba, kila ukiifunga, unaichagulia pa kuziweka na ibakize ngapi, nikafungua ya jana yake nikapata tukio moja zima na lingine nusu. Nenda kwenye mipangilio leo, zihamishie bakapu mahali pengine tofauti na projekti yenyewe ilipo, usisubiri yakukute.

Halafu kuna mambo ambayo haitakusaidia kabisa na ninaona wengine wanainunua wakitegemea. Haitakuandikia barua ya kwa wakala. Haitakuandikia ule muhtasari wa kurasa mbili ambao lazima umtaje muuaji, na sisi watu wa upelelezi ule muhtasari unatuuma kuliko wote, umekaa mwaka mzima unaficha jambo halafu unaambiwa uliweke wazi kwenye karatasi ya kwanza mtu atakayoisoma. Uweke. Wakala anataka kuona mafumbo yanafunguka, haji kuburudika, na akikuchukua ataishi kwa asilimia 15 ya kile utakachopata kwa hiyo ana haki ya kujua. Kitu pekee ambacho ubao wa kadi ulinisaidia hapo ni kwamba nilisoma mihtasari ya kadi zangu kwa mfululizo nikapata mifupa ya barua. Vile vile haitakusomea mkataba. Conan Doyle aliuza haki zote za ile hadithi ya 1887 kwa pauni 25 na basi, hakupata tena chochote kutokana nayo, na bado kuna waandishi wanasaini bila kuuliza haki za filamu na za kusomwa kwa sauti zinabaki kwa nani. Hilo muulize mtu.

Kuhusu kulipa. Unanunua mara moja, siyo kila mwezi, na kwangu hilo ni kubwa maana mrabaha, lile fungu la mwandishi kwenye mauzo, hauji kila mwezi. Leseni ya Mac na ya Windows ni tofauti na ya iPhone na iPad ni tofauti, kwa hiyo angalia unanunua ipi. Na kabla ya hapo kuna majaribio ya siku 30, siku za kutumia, yaani ukiifungua mara mbili kwa wiki unakaa nayo wiki kumi na tano. Usilipe kabla hujazimaliza. Na usianze na mafunzo yote, ni marefu na utachoka, jifunze vipande, kadi, na hilo jedwali la safu, andika sura tano, mengine yatakuja ukiyahitaji. Kama unaandika hadithi fupi tu za maneno elfu tatu nne sioni kwa nini uhangaike nayo, daftari linatosha. Kama ni mtu wa kuandika kutoka sura ya 1 mpaka ya mwisho bila kurudi nyuma pia labda haitakubadilishia kitu, ingawa sijakutana na mwandishi wa upelelezi wa namna hiyo ambaye mhariri hakumrudisha.

Mmoja aliniuliza kama ana muswada nusu kwenye Word itakuwaje. Usibandike sura moja moja. Pitia faili lako, kila kati ya tukio na tukio weka alama ya # kwenye mstari wake peke yake, halafu kwenye Scrivener tafuta sehemu ya kuingiza na kugawanya, iambie igawanye kwenye hiyo alama, vipande vyote vitaingia vimeshatengana. Kisha kaa navyo siku moja bila kuandika neno jipya, ujaze tu ile safu ya nani amejua nini kuanzia tukio la kwanza. Mimi kwa riwaya ya maneno elfu themanini ilinichukua saa sita na nusu.